Klabu ya ufinyanzi: hesabu tanuri kwanza, ndipo ufungue daftari la wanachama

MlinziWaTanuri (mwanzisha uzi)

Habari za muda huu wakuu.

Kuna swali linarudi mara kwa mara: klabu ya ufinyanzi ichukue wanachama wangapi, na iendeshwe vipi siku hadi siku bila watu kuchokana? Majibu mengi niliyosoma yanaanzia kwenye ada. Mimi ni katibu wa klabu, huu ni mwaka wangu wa sita, na miaka minne kati ya hiyo nimekuwa pia mpakiaji wa tanuri. Kwa hiyo naomba nianzie kwenye tanuri. Uzi ni mrefu, usome kwa nafasi.

Mwaka wangu wa pili kwenye ukatibu tulikuwa na furaha kubwa. Watu walijiunga kila wiki, mhazini uso umemkunjuka, magurudumu yetu manane ya kufinyangia hayapumziki. Tukafika wanachama 46. Kisha malalamiko yakaanza, na yote yalikuwa na sura moja: "Kikombe changu kiko wapi?" Mtu kafinyanga, wiki saba zimepita, chombo chake bado kiko rafuni, hakijaonja moto hata mara moja. Walioanza kuondoka ni wanagenzi. Mtu anayejifunza anahitaji kukiona chombo chake kikitoka motoni angali anakumbuka mikono yake ilivyofanya. Ukimcheleweshea miezi miwili, hajui tena kosa lilianzia wapi, wala uzuri ulitoka wapi.

Jioni moja nilisimama mbele ya rafu nikahesabu vyombo vibichi vilivyokuwa vinasubiri. Vilikuwa 391. Nikachukua karatasi.

Tanuri letu ni la umeme, lina ujazo wa lita 200 hivi. Uchomaji wa kwanza tunaupeleka koni 06 (koni ni kipimo cha moto cha wafinyanzi), yaani karibu nyuzi 1000 za Selsiasi. Uchomaji wa pili, wa glezi, yaani ule mpako wa kung'arisha chombo, tunaupeleka koni 6, karibu nyuzi 1220. Kuanzia kufunga mfuniko hadi kupakua ni siku mbili, kwa sababu kupanda ni polepole na kupoa ni polepole zaidi, na hatufungui tanuri kabla halijashuka chini ya nyuzi 100. Kwa wiki, ukiwa na wapakiaji wanaofika kwa wakati, unapata michomo mitatu.

Mchomo wa kwanza unameza vingi. Vyombo visivyo na glezi vinaweza kugusana, bakuli ndani ya bakuli, kikombe juu ya kikombe, na kwetu vinaingia vikombe 105 hivi. Mchomo wa pili ni habari nyingine. Glezi motoni inageuka kioo kilichoyeyuka, vyombo viwili vikigusana vinakuwa kimoja. Kila kimoja kinahitaji nafasi yake, na hapo vinaingia vikombe 70. Kila kikombe lazima kipite michomo yote miwili, kwa hiyo katika kila michomo mitano, miwili ni ya kwanza na mitatu ni ya pili, na vinamalizika vikombe 210. Piga hesabu: kwa wiki ya michomo mitatu tunamaliza vikombe 126. Havizidi, hata tukifunga na kuomba.

Nikarudi kwenye daftari la mahudhurio. Mwanachama wetu wa kawaida, ukichanganya wa kila siku na wa mara moja moja, alikuwa analeta vyombo vinne kwa wiki. Watu 46 mara nne ni 184. Kila wiki tulikuwa tunaongeza mrundikano wa vyombo 58. Zidisha kwa wiki saba: 406. Rafuni nilihesabu 391. Nilikaa chini pale pale, maana nilielewa kwamba hakuna mwanachama mvivu wala mpakiaji mzembe. Tuliwauzia watu nafasi ambayo tanuri halikuwa nayo.

Tangu hapo kikomo chetu ni wanachama 30, na wengine wanasubiri kwenye orodha. Ukitaka cha kwenu, chukua idadi ya vyombo tanuri linavyoweza kumaliza kwa wiki, gawa kwa wastani wa vyombo ambavyo mwanachama mmoja analeta. Magurudumu hayana neno, watu watapeana zamu. Tanuri halina zamu ya pili.

Daftari la wanachama

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Letu ni jedwali la kompyuta, mstari mmoja kwa kila mtu. Jina, namba ya simu, mtu wa kupigiwa akipata dharura, tarehe aliyojiunga, namba ya rafu, alama yake ya kitako, tarehe aliyoelekezwa usalama na aliyemwelekeza. Lakini safu ninayoiangalia kila siku ni "imelipiwa hadi". Zamani tulikuwa na safu ya "amelipa / hajalipa", na ilitutesa, kwa sababu mtu aliyelipa mwezi uliopita na mtu aliyelipa mwaka mzima wote walisomeka "amelipa". Tarehe inajieleza. Ukipanga jedwali kwa tarehe hiyo, wanaokaribia kuisha wanapanda juu wenyewe.

Ada zote zinaanza tarehe 1 ya mwezi. Aliyejiunga katikati ya mwezi analipia siku zilizobaki, kisha anaungana na wengine. Mhazini wetu wa kwanza alimpa kila mtu tarehe yake ya kujiunga, na akawa anafukuzana na madeni siku 20 kati ya 30.

Rafu na vyombo vya waliotoweka

Hapa naomba niende taratibu kidogo.

Kila klabu ina mwanachama anayeacha kuja bila kuaga. Anaacha kulipa lakini vyombo vyake vinabaki, na rafu ndiyo nafasi yenyewe aliyokuwa analipia. Tuliandika utaratibu: siku 14 baada ya tarehe kupita anakumbushwa, siku 30 vyombo vyake vinatiwa kwenye boksi na rafu inapewa mwingine, siku 60 vibichi vinarudishwa kwenye ndoo ya udongo na vilivyochomwa vinagawiwa. Mwanachama anausoma na kutia saini siku anayojiunga.

Mwaka wa tatu niliufuata utaratibu huo kama ulivyo. Kulikuwa na mama mmoja, mtulivu, ambaye alikuwa anatengeneza seti ya bakuli sita. Nazikumbuka zile bakuli, alikuwa ameshachonga vitako na kuvisugua kwa kijiko hadi vikang'aa. Siku 60 zikaisha. Nilimtumia ujumbe mara mbili, hakujibu. Nikaziloweka. Udongo mkavu ukiutia majini unameguka haraka, dakika chache tu bakuli inakuwa tope, na ndivyo zilivyokwenda zote sita. Wiki mbili baadaye akaja mlangoni amekonda. Alikuwa amelazwa. Bakuli zile alikuwa anamtengenezea mama yake mzazi.

Hakunigombeza. Aliuliza tu kama kuna hata moja iliyobaki.

Tuliubadilisha utaratibu wiki ile ile. Sasa kabla ya siku ya 60 lazima watu wawili tofauti wawe wamepiga simu, na mmoja apige kwa yule mtu wa dharura aliye kwenye daftari. Tarehe za simu zinaandikwa. Na chombo kibichi hatukiloweki kabla hatujakipiga picha. Ni kazi ya dakika kumi kwa mwezi. Ningeomba kila klabu inayosoma hapa iifanye.

Alama ya kitako

Kila mwanachama ana alama yake anayoichora kitakoni udongo ungali na unyevu. Ichorwe kwa ncha, isiandikwe kwa kalamu, maana wino na penseli vinaungua na havirudi. Siku anayojiunga anafinyanga kigae kidogo chenye alama yake, tunakichoma, tunakitundika ukutani pamoja na vya wengine. Mpakiaji akikutana na chombo asichokijua anainua macho tu. Kabla ya hapo kila mwezi tulikuwa na vyombo kumi kumi na tano vya "hakina mwenyewe", na ugomvi wa watu wawili wanaodai kikombe kimoja.

Udongo wa nje

Sheria yetu fupi kuliko zote: udongo ni wa klabu peke yake. Sababu ni hii. Mwanachama mmoja alikuja na udongo mwekundu alioupenda, akafinyanga chungu kizuri, kikapita mchomo wa kwanza bila shida. Kwa nyuzi 1000 ulikuwa salama. Kwenye mchomo wa pili, kwa nyuzi 1220, ukayeyuka. Tulipofungua tanuri kile chungu kilikuwa kimelala juu ya bamba, ile rafu ya ndani ya tanuri, kama lami iliyomwagika, kimevinasa vyombo vya watu wengine kumi na kimoja, na kimechuruzika hadi bamba la chini. Mabamba mawili tuliyatupa. Yeye mwenyewe alilia.

Kosa lilikuwa la klabu, maana hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba udongo unaochomwa kwa moto mdogo hauwezi moto mkubwa. Sasa anayetaka kuleta udongo mpya anatuletea kipande cha kujaribia, tunakichoma ndani ya kisahani chenye kingo ndefu, kikiyeyuka kimeyeyukia humo. Kikipita, udongo unaandikwa kwenye orodha iliyobandikwa pale kwenye rafu ya kupokelea vyombo.

Vumbi

Hili sina namna ya kulilainisha. Udongo wa mfinyanzi una silika, madini yaliyomo hata kwenye mchanga. Ukikauka na kutimuliwa, chembe ndogo kabisa, zile zisizoonekana kwa macho, zinaelea hewani kwa saa nyingi na kuingia ndani kabisa ya mapafu. Ugonjwa wake unaitwa silikosisi na hauna tiba ya kuuondoa. Kwa hiyo kwetu hakuna ufagio. Tumeutoa kabisa, mtu akiutafuta haupo. Meza zinafutwa kwa sifongo lenye maji, sakafu inadekiwa, aproni zinafuliwa kila mara na hazikung'utwi. Kusugua chombo kikavu kwa msasa ndani ya chumba ni marufuku, kisugue kwa sifongo lenye unyevu.

Kila zamu inaisha dakika 20 kabla ya saa yake, na hizo 20 ni za usafi kwa wote, mwanachama wa siku moja na mwenyekiti. Mikono na vifaa vinaoshwa kwenye ndoo tatu, ya kwanza chafu kabisa, ya tatu karibu safi, ndipo mtu asogee kwenye sinki. Tope linatuama ndooni, maji ya juu yanamwagwa, na lile tope ndilo udongo wetu wa kurudia. Bomba letu halijaziba tangu tuanze hivyo.

Nakaribisha maswali.

ZamuYaJioni

Asante sana mkuu. Sisi tuko 14 tu na ndiyo tunaanza. Swali langu ni la kuchoma: ada iwe moja imejumlisha kila kitu, au kuchoma kulipiwe pembeni? Na kama ni pembeni, mnapima kwa uzito au kwa ukubwa?

MlinziWaTanuri

Kwa watu 14 anzeni na ada moja iliyojumlisha kila kitu, mtapumzika na hesabu ndogo ndogo. Sisi tulitenganisha tulipoona wachache wanajaza tanuri na wengi wanawalipia.

Uzito tuliujaribu tukauacha. Mwanagenzi anafinyanga vinene, kikombe chake kizito mara mbili ya cha fundi, lakini nafasi tanurini ni ile ile. Ukipima uzito unamwadhibu kwa kuwa mgeni. Wakati huo huo sahani pana na nyembamba, nyepesi mkononi, inachukua bamba karibu zima. Kwa hiyo tunapima urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, mkono wa kikombe ukihesabiwa ndani ya urefu. Kikombe cha 12 kwa 9 kwa 10 ni 1,080, tuseme lita moja. Sahani ya 30 kwa 30 kwa 4 ni 3,600, lita tatu na nusu na kidogo. Hapo kila mtu anaona mwenyewe kwa nini sahani inalipiwa zaidi ya kikombe.

Mpime lini? Kikiwa kikavu, kinapofika kwenye rafu ya kupokelea. Udongo unasinyaa tangu mbichi hadi mchomo wa mwisho, na udongo mwingi wa moto mkubwa unapungua asilimia 10 hadi 13. Mkipima mara kibichi mara kilichochomwa mtagombana.

UdongoMbichi

Naheshimu hesabu yako mkuu ila hitimisho silikubali. Kufunga mlango kwa watu 30 kunaiua klabu kwa upande wa pili. Pango la jengo halipungui kwa sababu tanuri limejaa. Klabu yetu ina watu 55 na tanuri la ukubwa kama lenu. Tulichofanya ni kuweka kikomo cha kuchoma, kila mwanachama lita 10 kwa mwezi, akitaka zaidi anasubiri nafasi iliyobaki. Watu wamejifunza kuchagua. Anafinyanga bakuli nane, anabakiza mbili bora, sita anazirudisha kwenye ndoo. Kazi za watu zimekuwa nzuri kuliko zamani, na udongo tunaurudia.

MlinziWaTanuri

Mkuu UdongoMbichi, nimeusoma ujumbe wako mara mbili na sehemu kubwa nakubaliana nawe. Hilo la kuchagua ni kweli tupu. Chombo kikishachomwa udongo wake haurudi tena kuwa udongo, kwa hiyo wakati wa kuamua kama kinastahili ni kabla ya mchomo wa kwanza. Sisi tunawafundisha wanagenzi kukata kikombe katikati kwa uzi waone unene wa ukuta, na wengine wanaogopa kama wanachinja. Kikomo chako kinawafanya wazoee.

Lita 10 mara 55 ni 550 kwa mwezi, tanuri linaweza. Ninachoogopa ni usimamizi: lazima awepo mtu wa kupima kila chombo kila siku. Klabu isiyo na mtu huyo, kikomo kinabaki kwenye karatasi. Mnaye?

UdongoMbichi

Tunaye, na tunamlipa. Ni saa chache kwa wiki. Bila yeye ningekubaliana na kikomo chako cha watu.

MlinziWaTanuri

Basi hapo umenifundisha kitu. Naomba wasomaji wapime njia hizo mbili: kikomo cha watu kama kazi ni ya kujitolea, kikomo cha lita kama mna mtu wa kulipwa.

MhaziniMpya

Shikamoo wakubwa. Nimechaguliwa mhazini mwezi uliopita, nimekabidhiwa daftari la karatasi lenye majina yaliyokatwakatwa. Naanzia wapi? Na je, ni sawa kubandika ukutani majina ya wenye madeni? Aliyenitangulia alikuwa anafanya hivyo.

MlinziWaTanuri

Marahaba. Usianze na daftari, anza na rafu. Zunguka na karatasi tupu, andika kila rafu ina vyombo vya nani, kisha ndipo ulinganishe na majina uliyoachiwa. Utakuta watu wana rafu na hawamo daftarini, na walio daftarini hawajaonekana mwaka mzima. Wapigie wote simu, mmoja mmoja, uwaulize tu kama bado wapo nasi. Wengi watalipa kwa kuulizwa vizuri.

Majina ya ukutani ondoa leo. Anayedaiwa akishaona jina lake pale harudi, na deni lako halirudi. Deni ni kati ya mhazini na mwanachama. Na namba za simu za watu zisionekane na kila anayefungua jedwali. Wawili tu wawe na ufunguo, wewe na katibu, na nakala ihifadhiwe sehemu ya pili.

KitakoChaChungu

Mimi nauliza kuhusu wapakiaji. Tuna watatu, wote wamechoka. Kila anayeombwa kujifunza anasema anaogopa kuharibu vyombo vya watu.

MlinziWaTanuri

Woga huo ni mzuri, mpakiaji asiyeogopa simtaki. Kwetu kila anayejifunza anapakia mara tatu akiwa na mzoefu, na mara ya nne mzoefu anakaa pembeni kimya. Wanapakia wawili wawili. Wana jedwali la zamu la miezi miwili mbele, asiyeweza anatafuta wa kubadilishana naye mwenyewe. Na zamu ya kupakia inapunguza ada ya mwezi huo, hilo liliamuliwa na mkutano wa wanachama wote ili isije ikasemwa ni upendeleo.

Vitu ambavyo mpakiaji mpya lazima avijue kwa vitendo ni vichache.

Ukavu. Weka chombo shavuni. Kikiwa baridi bado kina maji ndani, hata kama kwa macho ni cheupe na kikavu. Maji yakifika nyuzi 100 yanageuka mvuke, mvuke hauna pa kupita, chombo kinapasuka na vipande vinamwangukia jirani. Ndiyo maana mchomo wetu wa kwanza unakaa kwenye nyuzi 85 usiku kucha kabla ya kupanda.

Vitako. Katika mchomo wa pili geuza kila chombo kimoja kimoja. Kitako kiwe hakina glezi kabisa, na ukutani ibaki milimita 5 bila glezi kutoka chini. Kisichotimiza kinarudi kwa mwenyewe na kikaratasi cha maelezo, bila kujali ni cha nani. Mabamba yenyewe tunayapaka mchanganyiko wa kaolini na alumina, unga usioyeyuka kwa moto wetu, ili tone la glezi likianguka libanduke pamoja na mpako huo.

Koni za ushahidi. Ni vijiti vidogo vya udongo maalumu, vinapinda kwa joto na muda vikiwa pamoja. Hata kama tanuri lina kompyuta, weka koni bamba la juu, la kati na la chini. Kipima joto cha tanuri kinachakaa na kuanza kusema uongo, na koni ndiyo itakayokuonyesha.

Daftari la tanuri. Tarehe, wapakiaji, mchomo wa ngapi, saa ya kuwasha, saa ya kuzima, koni zilipinda vipi, tatizo. Mchomo wetu wa pili ulikuwa unachukua saa tisa. Nikaona tisa na nusu, kumi, kumi na moja. Nyaya za joto zilikuwa zinachoka. Tulizibadilisha tukiwa tumeshajiandaa na fedha ipo, kwa sababu kila mchomo unaweka fungu dogo kwenye mfuko wa nyaya. Klabu isiyo na daftari hilo inagundua siku tanuri linapogoma na vyombo 70 vimo ndani.

Na umeme uzimwe kwenye swichi ya ukutani kabla mkono haujaingia ndani. Kila mara.

ZamuYaJioni

Samahani kuongeza swali. Ndoo za glezi nani anazisimamia? Zetu kila wiki zinatoka rangi tofauti.

MlinziWaTanuri

Mtu mmoja, mwenye jina lake kwenye kila ndoo. Sababu ya kubadilika mara nyingi ni maji: mtu anaona nzito anaongeza kikombe cha maji, kesho mwingine anaona nyepesi. Pima. Jaza mililita 100 kamili kwenye kikombe cha kupimia, weka kwenye mizani, toa uzito wa kikombe. Za kwetu nyingi zinakaa gramu 145, na namba hiyo imeandikwa juu ya kila mfuniko. Kabla ya kupima koroga hadi chini kabisa, maana madini yanatuama na kushikana. Kila ndoo na mwiko wake, usihame. Unga wa glezi unachanganywa na msimamizi peke yake, amevaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, wengine wakiwa hawapo chumbani.

Glezi mpya haipelekwi kwenye ndoo kubwa kabla haijachomwa kwenye kigae kilichosimama wima. Ikichuruzika hadi chini utaiona pale, kwenye kigae chako, badala ya kwenye vikombe vya watu.

KitakoChaChungu

Nimefanya hesabu yako leo mchana mkuu. Tanuri letu ni dogo, mchomo wa pili unabeba vikombe 40, wa kwanza 60, na tunachoma mara mbili na nusu kwa wiki. Inatoka vikombe 60 kwa wiki. Wanachama wetu wanaleta vitatu vitatu. Kikomo ni watu 20. Tuko 33. Kikao ni Jumamosi na sijui nitawaambia nini watu.

MlinziWaTanuri

Hesabu yako iko sawa, nimeirudia. Usiende na pendekezo la kumtoa mtu, hakuna atakayelipigia kura na wewe mwenyewe hutaki. Sisi hatukumtoa yeyote. Tulisimamisha kupokea wapya, na kwa mwaka mmoja na nusu waliohama na walioacha wakatushusha hadi 30. Kwa muda huo tuliweka kikomo cha vyombo, kama anavyofanya UdongoMbichi. Kwenu 60 gawa kwa 33, mnakaribia viwili kwa wiki kwa kila mtu.

Kabla ya Jumamosi hesabu vyombo vilivyo rafuni na uandike tarehe ya kile cha zamani kuliko vyote. Nenda nacho kikaoni, ukiweke mezani.

KitakoChaChungu

Nimekipata. Ni kibirika, kina wiki tisa. Mwenyewe ni mjumbe wa kamati. Nitampigia kwanza nimwombe ruhusa.